Forester, X-Trail, RAV4 au Rush: lipi litapanda Uru wakati wa masika?

Swali: "Habari za kazi, fundi. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni mwalimu, tunaishi Uru, juu ya Moshi mjini. Kila siku tunashuka kazini na kurudi, jumla kama kilomita 30, tukiwa na watoto wawili. Lami inaishia kilomita nne kabla ya kwetu. Hizo nne ni udongo mwekundu, una miinuko miwili mikali. Masika IST yetu tunaiacha kwa watu huko chini tunapanda kwa miguu, nami nina zamu za usiku. Tumejikusanyia milioni 25. Mume wangu anataka Forester, kaka yake anasema X-Trail, mimi roho yangu iko kwenye RAV4, na jirani mwenye Rush anatucheka sote. Mara mbili kwa mwaka tunakwenda Dar kwa wakwe. Tuchukue lipi? Au tungeinyanyua tu hii IST?"

Nzuri, dada, na poleni na hiyo safari ya miguu usiku. Nianze na IST uliyoiweka mwisho, kwa sababu ikieleweka hiyo, mengine yote yatakuwa mepesi.

IST nyingi zilizoko hapa nchini ni NCP60 na NCP61, ambazo zinavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Gari likianza kupanda mlima, uzito unarudi nyuma. Mbele kunabaki kwepesi, na ndiko kunakotakiwa kuvuta. Kwenye lami hamwoni shida yoyote, lakini kwenye utelezi tairi za mbele zinasaga tope palepale huku pua ikitafuta mtaro. Ndiyo sababu masika utawaona vijana wakipanda kinyumenyume na vigari vyao: wakigeuza, uzito unahamia kwenye magurudumu yanayovuta, na gari linakwenda. Ni akili nzuri sana, ila si kazi ya kufanya saa sita usiku umetoka wodini.

Kuinyanyua kwa spesa juu ya shokapu hakuongezi mvuto hata kidogo. Mtapita juu ya jiwe ambalo zamani lilikuwa likigonga sampo (bakuli la oili chini ya injini), basi. Upande wa pili, ekseli za mbele zitaanza kufanya kazi zikiwa zimepinda kuliko zilivyotengenezwa, raba buti (mipira inayofunika viungo vya ekseli) zitapasuka mapema, grisi itatoka, vumbi litaingia, na baada ya miezi michache mtasikia ile kata-kata-kata kila mkikata kona. IST ya fowili, yaani inayovuta magurudumu manne, ipo, ni NCP65, ila nayo iko chini na mfumo wake wa nyuma ni wa kusaidia kidogo tu. Iuzeni ikiwa bado inatembea vizuri, maana soko lake halilali.

Sasa haya manne. Mengi mtakayosikia kwa watu ni ushabiki wa nembo. Mimi ningewaomba mtazame jambo moja tu kwanza: gari linafanya nini tairi moja inapozunguka bure wakati mnapanda polepole. Mlima wenu haupandwi kwa mwendo kasi, unapandwa kwa kilomita 10 au 15 kwa saa, na hapo ndipo magari haya manne yanapoachana.

Difu ya kawaida, ile gia inayogawa nguvu kati ya tairi na tairi, ina tabia moja mbaya: nguvu huikimbilia tairi iliyo nyepesi. Tairi moja ikikaa kwenye tope laini, inazunguka hiyo, na mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu anasimama anatazama. Kwenye gari linalovuta magurudumu manne tatizo linaongezeka: kama katikati, kati ya mbele na nyuma, nako kuna difu iliyo wazi, basi tairi moja tu inaweza kulisimamisha gari zima. Kila kampuni imelitatua hilo kwa njia yake.

X-Trail, RAV4 ya kuanzia mwishoni mwa 2005, ndugu yake Toyota Vanguard, na Honda CR-V zote zinatembea kwa magurudumu ya mbele siku zote. Mbele pakiteleza, klachi iliyo karibu na difu ya nyuma inabana na nyuma kunaanza kusukuma. Kwenye X-Trail na RAV4 hiyo klachi inaendeshwa na kompyuta, na kuna kitufe cha LOCK kinachoibana kabla hamjateleza. Kitufe hicho ni muhimu kuliko rangi ya gari na viti vya ngozi. CR-V za zamani kidogo hazina kitufe chochote. Zinasubiri mbele pateleze kwanza ndipo nyuma paamke, na kwenye mwinuko wenye utelezi huo muda wa kusubiri ndio unaowapeleka mtaroni. Udhaifu wa mfumo huu wote ni joto. Klachi ikisugua muda mrefu mnapohangaika kwenye tope, inachemka, taa inawaka kwenye dashibodi, na gari linajirudishia kwenye magurudumu ya mbele mpaka ipoe. Kwa utelezi wa dakika tano haitokei. Kwa watu wanaoshindana na tope nusu saa, inatokea.

Forester ya gia otomatiki inafanana na hizo kwa maana ya kwamba nayo ina klachi, ila yake iko mkiani mwa gia boksi na nyuma kunapelekewa nguvu muda wote, kidogo au nyingi. Haingoji kuteleza. Ndiyo maana anayeendesha Forester kwenye mvua anajisikia gari limekaa barabarani, na shemeji, mumeo, hajakosea kuipenda. Injini yake nayo imelala chini, silinda zinatazamana kushoto na kulia, uzito uko chini, gari haliyumbi kwenye kona.

Rush ni kitu kingine kabisa. Wengi wanaiona kagari kadogo ka akina mama, lakini chini yake imejengwa kwa desturi ya magari ya shamba. Injini imekaa kwa urefu, ekseli ya nyuma ni ya gogo moja, inavuta magurudumu manne muda wote kupitia difu ya katikati, na kuna kitufe cha kuifunga hiyo difu. Ukikibonyeza, mbele na nyuma vinafungwa pamoja kwa chuma. Hakuna klachi ya kuchemka hapo. Mnaweza kupanda na kushuka na kitufe kimebonyezwa masika yote, mradi mkifika kwenye lami mkifungue. Kwenye lami kavu gari lililofungwa katikati linashindwa kukata kona vizuri, na msuguano wote unaishia kwenye propela (chuma kirefu kinachopeleka nguvu nyuma) na difu.

Kuna jambo moja ambalo hakuna hata moja kati ya haya linaloliweza sana. Mkivuka mfongo (mfereji wa maji) kwa mshazari, tairi ya mbele kushoto na ya nyuma kulia zikaning'inia kwa pamoja, zitazunguka hizo mbili na gari litasimama hata kama katikati pamefungwa. Yale yenye kompyuta ya kudhibiti utelezi huzishika breki tairi zinazozunguka ili nguvu ihamie kwenye zile nyingine, lakini si yote yanayo. Vukeni mifongo kwa kuikabili moja kwa moja, tairi mbili za mbele ziingie pamoja.

Hapo kabla hamjatoa hata shilingi, jifunzeni kusoma namba ya chesisi. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wamelipia fowili wakapewa la kuvuta mbele tu, bodi ileile, taa zilezile, hata kibandiko kule nyuma kimebandikwa. Rush ya magurudumu manne ni J210E. Ile J200E inasukuma kwa nyuma peke yake, na kwenye tope nayo itawasumbua, kwa sababu mkia wake ndio unaotangulia kutoka barabarani. X-Trail inayowafaa inaanza na N: NT30 au NT31. Ikisomeka T30 au T31 bila N mbele, iacheni. RAV4 ni ACA31. ACA36 inavuta mbele tu. Vanguard ni ACA33, na ACA38 ndiyo ya mbele tu. CR-V ya kizazi cha 2006 ni RE4, siyo RE3. Forester SG5 na SH5 zote zinavuta nne, kwa hiyo hapo hamna wasiwasi wa herufi.

Halafu pigeni magoti nyuma ya gari mtazame chini. Mnatakiwa kuona difu katikati ya magurudumu ya nyuma na propela ndefu ikitoka mbele kuja kuungana nayo. Usicheke, dada. Magari yaliyofunguliwa propela ni mengi mitaani. Difu ya nyuma ilianza kulia, au mwenye gari aliambiwa atapunguza mafuta, fundi akaitoa na kuiuza. Kwa nje gari ni lilelile, na dalali atakuapia kwamba ni fowili.

Sasa nikupe tabia za kila moja.

RAV4 unayoipenda kwa macho, sikulaumu, ni gari zuri. ACA31 ina injini ya sentimita za ujazo 2,362. Kwa hapa kwetu gari lenye injini inayozidi 2,000 linalipiwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, wakati haya mengine matatu, ambayo yako chini ya hapo, yanalipiwa asilimia 5. Juu ya hilo kuna ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10, na karibu yote tunayoyazungumzia yameshazidi. Matokeo yake ni kwamba kwa milioni 25 mtapata RAV4 iliyochoka, ilhali kwa pesa hiyohiyo mtapata Rush au X-Trail yenye hali nzuri. Injini yake ya 2AZ-FE ina sifa ya kunywa oili, hasa za miaka ya 2006 hadi 2009, na mtu asiyepima oili kila wiki anakuja kuijua sifa hiyo injini ikishagonga. LOCK yake inajifungua yenyewe mkizidi kilomita 40 kwa saa, jambo ambalo kwa mlima wenu halina madhara. Ningekuwa na milioni 35 ningekuambia ichukue. Kwa 25, hapana.

X-Trail NT31, gari la kaka yake shemeji. Nafasi kubwa, mtaingiza magunia mawili ya ndizi nyuma na watoto wakae kwa raha, liko juu vya kutosha, injini ya MR20 ni ya cheni na haina makuu. Ugonjwa wake uko kwenye gia boksi. Ni ya mkanda, ile isiyobadilisha gia kwa hatua, na inataka oili yake maalumu inayoitwa NS-2. Fundi wa njiani akiijaza oili ya gia otomatiki ya kawaida, inaendelea kutembea vizuri miezi kadhaa, halafu inakufa. Hamwezi kujua mwenye gari wa kwanza aliijaza nini. Kwa hiyo X-Trail inajaribiwa asubuhi ikiwa ya baridi kabisa, kisha mnaipandisha mlima mrefu mpaka ipate moto. Sikilizeni mlio wa kulia kama filimbi unaopanda na mwendo. Sikieni kama inatetemeka mkianza kuondoka. Mkikanyaga mafuta mlio ukapanda lakini gari likabaki palepale, shukeni mkamrudishie funguo. Kwenu hilo lina uzito zaidi, kwa sababu kila jioni ya maisha yake gia boksi hiyo itakuwa inapanda mlima ikiwa imebeba familia.

NT30 ya kabla ya 2007 ina gia otomatiki ya hatua nne inayovumilia zaidi, na kitufe cha LOCK ni kilekile. Tatizo lake ni umri tu. Raba, sensa, na nyaya za gari la miaka ishirini zinachosha mfuko pole pole.

Forester. SG5 zimezeeka, kwa hiyo nazungumzia SH5, iliyotoka mwishoni mwa 2007 mpaka 2012. Za mwanzo zina injini ya EJ20 ya mkanda wa taimingi, ambao unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika kabla ya hapo vali zinagongana na pistoni. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabuni kwamba haujabadilishwa, na gharama hiyo mkaitoe kwenye bei. Kuanzia mwishoni mwa 2010 wakaweka FB20 ya cheni, ambayo nayo hupenda oili kidogo. Gia ni otomatiki ya hatua nne, ngumu, isiyo na maringo ya ile ya mkanda. Kwenye barabara ya Dar hakuna kati ya haya matatu mengine linaloifikia. Mkitoka Moshi alfajiri mnafika hamjachoka mgongo, na kuyapita malori ya Same na Hedaru ni jambo la sekunde chache.

Mbona basi siiweki ya kwanza? Kwa sababu Forester haisamehe uzembe wa tairi. Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo fowili nyingi zinapouawa. Tairi ya 215/65R16, ambayo inaingia kwenye SH5 na kwenye Rush nyingi, ikiwa mpya inazunguka mara 464 hivi kwa kilomita moja. Ikiisha milimita 5 za kashata (zile nundu za tairi zinazoshika barabara), inazunguka kama mara 471. Sasa chukua gari lenye tairi mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma, jambo ambalo Watanzania wengi tunalifanya kila siku kwa sababu pesa ya nne haipo. Kila kilomita, nyuma kunazunguka mara saba zaidi ya mbele, na hiyo tofauti haina pa kwenda ila kwenye klachi ile ya mkiani mwa gia boksi. Inasugua kutoka Moshi mpaka Dar, kilomita zaidi ya 500, bila kupumzika. Ndiyo asili ya zile Forester zinazoruka-ruka zikikata kona ya kuegesha. Mwenye gari anadhani ni bushi, anabadilisha bushi, anabadilisha bolijointi, na gari linaendelea kuruka.

Mkienda kuitazama Forester, iendesheni mpaka ipate moto, kisha kwenye uwanja wa lami kateni usukani mpaka mwisho na mzunguke polepole. Ikiwa inajikwaa kama mtu anayeikanyagia breki, klachi hiyo imeshaumia. Tazameni pia dashibodi: zile za gia otomatiki zina nafasi ya fyuzi ya kuizima nyuma, na mjanja anaweza kuichomeka ili gari lisiruke siku ya mnunuzi kuja. Taa iliyoandikwa FWD ikiwaka, mmeshajua. Na kwa yote manne haya, siku yakiharibika njiani msikubali kuvutwa magurudumu mawili yakiwa juu na mawili yakizunguka chini. Yapande yote kwenye lori la kubebea.

Rush sasa. Injini ya 1,495, farasi 109, ya cheni, uzito wa gari zima kama kilo 1,200 wakati Forester na X-Trail zinazidi 1,400. Kwenye tope wepesi ni mali. Gari zito linazama na likishateremka upande halirudi. Liko milimita 200 kutoka ardhini, na kwa kuwa ni fupi tumbo lake halikai kwenye tuta la katikati ya barabara ambako malori yamechimba pande zote mbili. Spea zake hazisumbui, na mafundi wa Moshi wanaijua vizuri.

Nikueleze na ubaya wake usije ukanilaumu. Inarusha. Kwenye barabara ya mawe watoto watalalamika, maana ile ekseli ya gogo inabeba kila shimo ikalileta ndani. Buti ni dogo, sanduku mbili na imejaa. Safari ya Dar mkiwa wanne na mizigo, injini inalia, na kulipita lori kunahitaji mpango: mnaona nafasi, mnashusha gia, mnasubiri nguvu ije. Shemeji akiwa ni mtu wa mwendo ataichukia kwenye kilomita ya hamsini. Na msidanganywe kwamba 1,500 ni mafuta ya IST. Inazungusha magurudumu manne muda wote, kwa hiyo kwenye mlima wenu tarajieni kilomita 10 hivi kwa lita, pengine na pungufu.

Tukilifanyia hesabu hilo la mafuta, kilomita 30 kwa siku 26 ni kilomita 780 kwa mwezi. Gari la kilomita 10 kwa lita linakunywa lita 78. Forester au X-Trail ya kilomita 8 itakunywa lita 98 hivi. Tofauti ni lita 20, na tuseme lita ni shilingi 3,000, ni elfu sitini kwa mwezi. Si ndogo kwa mishahara yenu, lakini pia si ya kuamulia gari. Gia boksi moja ya X-Trail ikifa inameza tofauti hiyo ya miaka mingi.

Kwa hiyo, kwa barabara yako na mfuko wenu, ningechukua Rush J210E. Kilomita nne za tope na zamu za usiku zinakupata kila wiki, Dar inawapata mara mbili kwa mwaka. Jirani acheke tu, kwa hili ana haki. Forester naiweka ya pili, na inapanda kuwa ya kwanza ikiwa shemeji anakubali mambo mawili: kwamba tairi zitanunuliwa nne kwa pamoja, daima, na kwamba mmeshampata fundi anayezijua injini zilizolala kabla hamjanunua. Siyo fundi anayesema "Subaru ni kama gari lingine." X-Trail ya tatu, na iwe ile mliyoijaribu toka ikiwa ya baridi mpaka ikapata moto mlimani. Suzuki Escudo ya TD54W mtu anaweza akawatajia, nayo ina gia nzito ya chini ambayo hakuna hata moja kati ya haya inayo. Mngekuwa mnapanda kwenda porini ningewaambia mchukue hiyo, ila kwa kushuka mjini kila asubuhi mafuta yake yatawakera.

Tengeni fedha ya tairi ndani ya hiyo milioni 25, msingoje ibaki. Magari ya fowili kutoka Japani mengi yametumika kwenye maeneo ya theluji, Hokkaido na kaskazini mwa Honshu, na mengine yanakuja na tairi laini za theluji. Zina kashata nyingi zinazopendeza kwa macho, lakini kwenye joto letu zinalika upesi. Wanunuzi wanazisifu, "tairi bado mpya." Tazameni ubavuni, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi yenye miaka tisa hata ikiwa na kashata zote raba yake imeshakuwa ngumu, na kwenye udongo wenu mwekundu uliolowa haishiki. Nunueni nne za kashata za kati, zile za barabara na vumbi. Msichukue zile za matope zenye meno makubwa, zinapiga kelele kwenye lami na mwendo mwingi wenu ni wa lami.

Na hiyo theluji ina mkia mwingine: chumvi inayomwagwa barabarani. Gari la Hokkaido juu linang'aa, chini limeliwa. Kwenye karatasi ya mnada tafuteni herufi S, ambayo ni kutu, na C, kutu iliyokwisha kula bati. Kama gari liko hapa tayari, lipandisheni kwenye shimo la gereji mkamulike kwa tochi mikono ya suspensheni, mabomba ya breki na pale ekseli ya nyuma inapofungwa kwenye bodi. Kutu ya juujuu ya rangi ya chai haina neno. Ikimomonyoka mkigusa kwa bisibisi, iacheni hata kama bei imeshuka.

Kuhusu kushuka nisikae sana, ila lisemwe. Fowili linawapandisha, haliwashushi. Breki zilikuwa nne kwenye IST na zitabaki nne. Watu wengi huingia mtaroni mwezi wa kwanza wa gari jipya wakiwa wanateremka, kwa sababu wamelipanda tope bila shida wakaona barabara imekuwa nyepesi. Shukeni kwa gia ya chini, L au 2, mguu uguse breki kidogo tu. X-Trail nyingi za NT31 na baadhi ya Rush zina kitufe cha kulishusha gari polepole lenyewe. Mkilikuta lenye hicho, kijaribuni kama kinafanya kazi.

Mwisho ni wakati. Kuagiza kutoka Japani, toka kulipa mpaka gari kutoka bandarini na kupata namba, kunakula kwa kawaida mwezi mmoja na nusu mpaka miezi miwili na nusu. Kabla ya kulipa, ingizeni taarifa za gari (aina, modeli, mwaka, ukubwa wa injini) kwenye kikokotoo cha TRA kilichoko kwenye tovuti yao, kwa sababu wana thamani zao wenyewe na risiti yenu ya ununuzi haiwafungi. Mkiagiza baada ya Januari, Aprili inaweza kuwakuta bado mnatembea kwa miguu. Ikiwa mmechelewa, tafuteni lenye namba za hapahapa, na msiishie kulizungusha kwenye lami ya mjini. Mwombeni mwenye gari mlipande nalo mpaka kwenu, miinuko yote miwili, ikiwezekana siku ambayo mvua imenyesha usiku. Mkubalieni kumwekea mafuta ya safari hiyo. Akikataa kulipeleka huko, tafuteni jingine.